Ufunguo Uko kwa Nani?

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa kamati za burudani na michezo za mitaa. Waliokosa kufika wameiomba, kwa hiyo naiweka nzima kama ilivyotoka mdomoni. Nimepunguza vikohozi tu.

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa kamati, makocha, walimu, wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango: itifaki imezingatiwa.

Habari za asubuhi?

Mmeitikia vizuri, lakini sauti yote imetoka huku mbele. Kule nyuma kimya. Wala siwalaumu. Nilipokuwa na umri wenu nami nilikuwa nakaa karibu na mlango kwenye kila mkutano wa wakubwa, maneno yakirefuka niponyoke. Leo nawaomba mnivumilie, kwa sababu jambo lenyewe ni lenu, na nikifika mwisho nitawahitaji.

Tumeitwa hapa tuzungumze namna ya kuwashirikisha vijana wa mitaa yetu, hasa wale wa miaka 13 hadi 18, katika kupanga programu za burudani na michezo. Naanza kwa swali. Mtaani kwako, ufunguo wa ukumbi uko kwa nani? Usinijibu, kumbuka tu. Ufunguo wa stoo ya mipira, uko kwa nani? Swichi ya taa za uwanjani, nani anaruhusiwa kuigusa?

Majibu hayo yawekeni mfukoni. Tutayatoa baadaye.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa kamati iliyopanga programu ya likizo ndefu. Tulikuwa watu tisa. Mdogo wetu kuliko wote alikuwa na miaka 38, na huyo ndiye tuliyemwita mwakilishi wa vijana. Naona mnacheka. Sisi wakati ule hatukucheka, tulikuwa makini kabisa. Tulikaa vikao sita. Mihtasari ninayo mpaka leo, na wiki hii nimeisoma tena nikijiandaa kuja hapa. Neno “vijana” limo mara 41, nimehesabu. Kijana mwenyewe hayumo hata mmoja.

Tukanunua meza mbili za tenisi. Tukachapisha fulana. Tukapanga muda: saa nane mchana hadi saa kumi, kwa kuwa hizo ndizo saa ambazo mtunza ukumbi alikuwa na nafasi. Tukabandika matangazo kwenye ubao wa nje ya ofisi, ule ubao ambao kijana hausogelei mpaka siku atakayoanza kutafuta kazi.

Siku ya kwanza wakaja vijana 11. Wanne kati yao walikuwa watoto wa wajumbe, wameletwa kwa kusindikizwa. Siku ya tatu wakabaki hao wanne. Na zile fulana, jamani! Aliyeagiza aliagiza za watoto wadogo. Kijana mmoja mrefu alijaribu kuivaa ikamkwama mabegani, mikono juu kama mtu aliyekamatwa, ikabidi tumvue watu wawili. Kesho yake hakuja. Hata mimi nisingekuja.

Sasa sikilizeni. Sisi tumekaa ndani na meza zetu mbili, huku nyuma ya ukumbi kila jioni kuna vijana kama 30. Walikuwa wanacheza dansi. Ukuta wa nyuma una dirisha refu lenye kioo cheusi, na jua likianza kushuka kioo hicho kinageuka cha kujitazamia. Wanajipanga mistari mitatu, mmoja anasimama mbele anahesabu, “tano, sita, saba, nane,” wanajitazama kwenye dirisha letu, wanarekebishana mikono. Muziki unatoka kwenye simu moja waliyoitia ndani ya ndoo tupu ya plastiki ili sauti ikue. Hakuna aliyewapa fulana. Hakuna aliyewasindikiza. Hakuna aliyechelewa.

Na sisi kamati? Tulikuwa na habari nao. Iko kwenye muhtasari, kikao cha nne, ajenda ya tano: “Kelele za vijana nyuma ya ukumbi.” Azimio: mlinzi awafukuze.

Nawauliza, ndugu zangu: programu ya burudani ya mtaa ule ilikuwa ndani ya ukumbi au nje?

Wale vijana walihitaji kioo kikubwa na soketi moja ya umeme. Basi. Gharama yake haikufika nusu ya zile fulana. Lakini ili tulijue hilo ilibidi mmoja wetu azunguke nyuma ya jengo, hatua 40 hivi, akaulize. Katika vikao sita hakuna aliyezunguka. Wazee walikwisha kusema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tulikuwa tunatandika kitanda cha wenzetu, tunakisifia shuka, halafu tunashangaa mbona hawalali.

Wako watu, tena watu wazima ninaowaheshimu, huniambia kwamba mambo haya ya kuwauliza watoto ni mageni, yamekuja na simu. Hayakuja na simu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto ulipitishwa mwaka 1989, na mtoto ndani ya mkataba huo ni kila aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo hawa wa kule nyuma karibu wote wamo. Ibara ya 31 inasema mtoto ana haki ya kupumzika, kucheza na kupata burudani inayofaa umri wake. Tunaijua, tunaipenda, tunaiandika kwenye maombi ya fedha. Lakini iko ibara ya 12, inayosema mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa kwa uhuru katika mambo yote yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kwa kadiri ya umri na ukomavu wake. Yapewe uzito. Ibara ya 31 tuliisoma tukanunua mipira. Ya 12 tuliiruka.

Mwaka 1992 mtaalamu mmoja aitwaye Roger Hart aliandika kijitabu kilichotolewa na UNICEF, akachora humo ngazi ya ushiriki wa watoto. Ngazi ina vipandio vinane. Vitatu vya chini, alisema Hart, si ushiriki hata kidogo, ijapokuwa kwa mbali vinafanana nao. Cha kwanza ni kuwatumia watoto kwa ajenda zako. Cha pili ni kuwafanya mapambo. Cha tatu ni kuwaweka kwa jina, wawepo mezani lakini wasiwe na la kusema.

Mimi nimewahi kusimama kwenye kipandio cha pili, tena kwa fahari kubwa. Tulikuwa tunazindua uwanja mdogo wa michezo. Tukamchagua binti wa miaka 14, msafi, mwenye sauti nzuri, tukamwandikia hotuba. Mimi mwenyewe ndiye niliyeiandika. Akasoma mbele ya wageni: “Sisi vijana tunashukuru sana kwa kushirikishwa.” Makofi. Picha. Alipokuwa anashuka jukwaani akaja mpaka nilipokaa, akainama kidogo kwa adabu, akaniuliza kwa sauti ya chini: “Anko, samahani, huu uwanja ni wa mchezo gani?”

Uwanja ule ulikuwa wa mpira wa kikapu. Ungeuliza kijana yeyote pale angekwambia kwamba wao hawachezi kikapu. Miezi sita baadaye nyavu hazikuwepo na watu walikuwa wanaanika nguo kwenye zile nguzo. Nguzo imara kweli, nguo zinakauka vizuri.

Lakini watu wakisikia habari ya ngazi ya Hart hudhani kipandio cha juu kabisa ni pale vijana wanapobaki peke yao na wakubwa wameondoka. Sivyo. Hicho ni cha saba. Cha nane ni pale vijana wanapoanzisha jambo wao wenyewe, kisha wakaamua pamoja na watu wazima. Kwa hiyo asije mtu akatoka hapa akisema mzee yule ametuambia tukae pembeni. Sijasema mkae pembeni. Nimesema mkae pamoja nao, na anayeketi nawe pamoja hawezi kuwa mtu unayempangia viti.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, Vienna, kule Austria. Katika miaka ya 1996 na 1997 walichunguza nani anatumia bustani za umma za mji. Wakakuta jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yao muda wote: wasichana wakishapita umri wa miaka tisa hivi wanapotea bustanini. Wavulana wanabaki, wasichana wanatoweka. Maelezo ya haraka yangekuwa yapi? Mnayajua. “Wasichana hawapendi michezo.” “Wako na mambo yao.” Wale hawakukubali jibu hilo. Wakaona kwamba kwenye uwanja mmoja mkubwa ulio wazi, kundi lenye nguvu ndilo linalotawala, na wasichana hawakutaka kugombea nafasi kila siku. Mwaka 1999 wakazipanga upya bustani mbili: wakaongeza njia za kupita, wakaweka sehemu za voliboli na badminton, wakaligawa lile eneo kubwa ili makundi zaidi ya moja yapate mahali. Wasichana wakarudi.

Na tatizo hili halikuwa la Vienna tu. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2016 zilionyesha kwamba duniani kote asilimia 81 ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 hawafikii zile dakika 60 za kuushughulisha mwili kwa siku. Wavulana ni asilimia 78, wasichana asilimia 85.

Niliposoma habari za Vienna nikawakumbuka mabinti wa kwetu. Tulikuwa na voliboli ya wasichana, jioni, mara mbili kwa wiki. Kocha mzuri, mpira mpya, wavu mpya. Wanakuja watatu, wanne. Kamati ikataka kuifuta. Nikasema ngoja kwanza, nikamwendea binti mmoja wa miaka 16 aliyekuwa ameacha kuja. Sikumwita ofisini, maana ofisini angenijibu “hakuna shida” na kuondoka. Nilimwomba yeye na wenzake wawili watutembeze, mimi na kocha, kuanzia kwao mpaka uwanjani, saa ileile ya mazoezi. Wakaja na daftari.

Tulipofika kwenye lango akasimama. Akasema, “Hesabu, anko.” Nikahesabu: wavulana tisa wamekaa juu ya ukuta, miguu inaning’inia njiani. Hawakufanya lolote baya. Wamekaa tu. Lakini kuingia ni lazima upite chini ya miguu yao, na kutoka ni hivyohivyo, kwa sababu lango ni hilo moja. Akaandika. Tukaenda chooni. Akaniambia niufunge mlango. Nikausukuma ukafunga, nikamwambia mbona unafunga? Akasema, “Sasa uachie.” Nikauachia, ukafunguka wenyewe polepole mpaka ukutani. Hakuna komeo. Miaka mitatu ya voliboli ya wasichana, na mlango wa choo hauna komeo! Kisha tukarudi kwa njia ile giza lilipoingia, akaniambia nihesabu taa zinazowaka. Hiyo haikunichukua muda. Ilikuwa moja.

Komeo lilifungwa siku iliyofuata. Taa zilichukua wiki tatu. Na lango? Mnajua kumbe kulikuwa na lango la pili, upande wa nyumba za watu, lililofungwa kwa kufuli miaka mingi mpaka kutu imeshika. Ufunguo wake tuliupata kwenye droo ya meza yangu mimi, katibu, chini ya mihtasari.

Naomba mlitafakari hilo kidogo. Mimi nilikuwa natafuta sababu ndani ya vichwa vya wasichana, kumbe sababu iko kwenye droo yangu.

(Hapo kuna mama mmoja alisema kwa sauti, “Haya, sasa tumefika penyewe.” Kweli tulikuwa tumefika.)

Tumefika kwenye fedha na madaraka, mahali ambapo mikutano kama hii huwa inaanza kuangalia saa. Kuwauliza vijana ni rahisi. Unagawa fomu, unakusanya fomu, unafungia fomu kabatini. Kuwapa uamuzi ndiko kunakotutoa jasho. Mji wa Boston, Marekani, mwaka 2014 ulitenga dola milioni 1 kutoka kwenye bajeti ya miradi ya mji, ukawaambia vijana wa miaka 12 hadi 25: semeni zifanye nini, kisha pigeni kura. Vijana wakakusanya mawazo, wengine wakakaa na maofisa wa mji kuyageuza mawazo kuwa miradi yenye makadirio ya gharama, kisha kura ikapigwa. Mtu wa miaka 12 alikuwa na kura sawa na mwenye 25. Kura, ndugu zangu, haikuwa maoni.

Mtasema, hiyo ni Boston, sisi hatuna milioni ya kitu chochote. Sawa. Maji ya kifuu bahari ya chungu. Sisi tulianza na theluthi moja ya bajeti yetu ya mwaka, bajeti ambayo yenyewe ingeenea kwenye bahasha. Tukawaambia vijana kumi: hii ni yenu, ipangeni, itumieni, leteni risiti.

Unataka kujua walifanya nini? Waliiharibu.

Nasema kweli. Waliandaa tamasha la siku moja la muziki na dansi kwenye uwanja wa wazi. Karibu fedha yote ikaenda kwenye kukodi spika kubwa, spika ambazo zingetosha kuamsha mitaa mitatu. Hawakukodi turubai. Saa tisa alasiri mawingu yakajikusanya, saa tisa na nusu mvua ikashuka. Nawaona mpaka leo wale vijana wamelala kifudifudi juu ya spika, wamezifunika kwa miili yao na majaketi yao, maana walikuwa wamesaini karatasi ya kuzirudisha salama. Mmoja wao, mweka hazina wao, miaka 15, analia waziwazi na huku anahesabu waya.

Kesho yake kwenye kikao cha kamati mjumbe mmoja akasema neno ambalo nyote hapa mmewahi kulisema: “Si nilisema?” Nikamkumbusha, kwa upole, fulana. Mtu mzima akikosea tunaita uzoefu na tunamwongezea kamati nyingine. Kijana akikosea mara moja tunachukua ufunguo. Kwa nini? Sisi tulikosea na bajeti nzima na hakuna aliyetulaza juu ya spika.

Tukawaachia tena theluthi mwaka uliofuata. Kitu cha kwanza kwenye orodha yao, kabla ya muziki, kabla ya tarehe, kilikuwa turubai. Cha pili kilikuwa siku ya akiba kama mvua itanyesha. Sisi kamati ya wakubwa, kwa miaka yote tuliyoandaa mashindano, hatujawahi kuwa na siku ya akiba. Sasa tunayo, tumeiiga kwao.

Na anayedhani vijana hawawezi kuendesha jambo kubwa kwa miaka mingi, amtazame jirani Mathare, Nairobi. Mathare Youth Sports Association ilianza mwaka 1987 kama ligi ya mpira ya vijana wa mtaa. Timu zilipata pointi za ligi uwanjani, na zikapata pointi pia kwa kusafisha mtaa, na vijana wenyewe wakachaguana kuongoza kanda zao. Humo ndimo ilimozaliwa Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Mimi kikombe hakinishangazi sana, vikombe vipo vingi. Kinachonishangaza ni ile pointi ya usafi. Aliyewahi kumwomba kijana akafagie mfereji atanielewa.

Sasa mambo machache ya utendaji, nitayapitia haraka kwa sababu Mwenyekiti ananiangalia.

Muda. Mkiita kikao cha vijana saa mbili asubuhi Jumamosi, mmeshaamua wasije. Si uvivu, wala si simu peke yake. Mtoto akibalehe saa ya mwili wake husogea, usingizi unamjia usiku zaidi, na bado anahitaji saa 8 hadi 10 za kulala. Waulizeni wao saa inayofaa, na msiwaite wakati wa mitihani.

Mnamwita nani? Hapa nataka kuwa mkali kidogo. Kila tukiambiwa tulete vijana, tunamleta kiranja. Anayejua Kiingereza. Mtoto wa mchungaji, mtoto wa mwenyekiti, yule anayeinua mkono kwanza. Ni watoto wazuri, nawapenda, lakini hao wangekuja hata msipowaita. Wale wa juu ya ukuta je? Wale wavulana tisa? Sisi tulikwenda kuwaita, na watatu wakaja, na mmoja wao ndiye aliyeshauri wahamie upande wa pili wa uwanja wakijengewa ngazi za kukalia. Walikuwa wamekaa ukutani kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kukaa! Anayetembelea kiti cha magurudumu, mwite. Anayekaa nyumbani kulea wadogo zake, mwite, na wale wadogo waje naye. Mlipieni nauli. Sisi wajumbe tunalipwa posho ya kikao, halafu tunamwambia mtoto aje kwa moyo wa kujitolea.

Haraka. Kwa mtu wa miaka 14, mwaka mmoja ni sehemu moja ya 14 ya maisha yake yote. Ukimwambia “tutalishughulikia mwaka wa fedha ujao,” umemwambia hapana kwa sentensi ndefu. Tafuteni kitu kimoja kidogo mnachoweza kukifanya ndani ya wiki mbili. Komeo ni mfano mzuri. Na pale jibu linapokuwa hapana, lisemwe hapana, na sababu yake, na lisemwe uso kwa uso. Kijana anavumilia hapana. Asichovumilia ni ukimya.

Wanakua. Hili kila mtu analisahau. Kamati ya vijana ina ugonjwa mmoja usio na dawa: wajumbe wake wanafikisha miaka 19. Msiwachague wote kwa mpigo. Nusu mwaka huu, nusu mwaka ujao, ili anayeondoka amfundishe anayeingia mahali daftari lilipo.

Na usalama, ambao haupimwi kwa theluthi wala nusu. Ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Watu wazima wawili kila kikao, kamwe mmoja peke yake na mtoto. Hakuna mtu mzima kumwandikia kijana ujumbe wa faragha. Kila kitu kipite kwenye kundi ambalo mtu mzima mwingine yumo. Mtu akiona masharti haya yanamkera, huyo msimpe kazi ya vijana.

Toeni sasa yale majibu mliyoyaweka mfukoni. Ufunguo uko kwa nani?

Kwetu, ufunguo wa chumba cha nyuma, kile chenye kioo kikubwa na soketi, uko kwa vijana wawili, mmoja ana miaka 16 na mwingine 17. Wamesaini daftari. Mtu mzima yupo kwenye jengo kila chumba kinapofunguliwa, lakini anayefungua ni wao. Huu ni mwaka wa tatu. Katika miaka hiyo mitatu ufunguo umepotea mara moja tu, na aliyeupoteza ni mimi, niliuazima nikaonyeshe wageni. Nilipigwa faini. Faini yenyewe waliipanga wao, na niliilipa mbele ya wote.

Ndugu Mwenyekiti, kwenye ratiba naona baada yangu kuna ajenda ya programu ya likizo ijayo, na kwamba itawasilishwa na kamati. Nimeambiwa vijana wa kule nyuma nao wana karatasi yao, kurasa mbili zilizoandikwa kwa mkono, na kwamba mpaka sasa hawajui watasoma saa ngapi. Nina dakika nane zilizobaki kwenye muda wangu. Naomba kipaza sauti kipelekwe kule mlangoni.

Binti, kishike hapahapa ulipo, usisogee mbele. Sisi ndio tutageuza viti.